Kumwilisha: Neno Linalodai Mwili

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa kwaya katika parokia moja hapa Tukuyu. Tunaandaa nyimbo za Noeli na tumekwama kwenye mstari mmoja. Nimeandika "Fumbo la Umwilisho". Mzee wetu wa besi, katekista mstaafu, amekataa kata kata. Anasema hicho si Kiswahili bali ni maneno ya seminari, tuimbe "Neno alifanyika mwili" kama Biblia inavyosema. Katibu wetu, ambaye ni kijana, anapendekeza "Neno alipata mwili". Halafu majuzi nilikuwa kwenye semina ya lishe hapa wilayani, mwezeshaji akasema "tunakwenda kuimwilisha sera hii hadi ngazi ya kijiji". Nikabaki najiuliza: neno hili lina maana gani hasa, na linatumika wapi? (Mwalimu wa kwaya, Tukuyu)

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma hapa Mbeya nikafurahi sana, maana watu wanaogombana kwa ajili ya mstari mmoja wa wimbo ni watu wanaojali wanachoimba. Nitajibu kwa urefu.

Nianze na mzee wa besi, kwa heshima zote. Kinachomkera, nadhani, ni sikio. Ukisema "kumwilisha", sikio la Mswahili linakata neno mahali lilipozoea kukata: ku-m-wilisha, kama kumlisha au kumwambia. Linasubiri mtu. Kumwilisha nani? Na "wilisha" ni nini? Ndiyo maana neno linamkwama kooni. Lakini m ile si ya mtu. Ni m ya "mwili" wenyewe: kumwilisha ni kukipa kitu mwili.

Neno mwili liko katika ngeli ya M-MI: mwili, miili. Kwa majirani zetu shina lake linaonekana wazi zaidi. Kwenu Rungwe wazee wanasema umbili. Ukivuka Tunduma ukaenda kwa Wabemba utasikia umubili, na Wanyarwanda wanasema umubiri. Ile b ya kwao kwetu imelainika hadi ikapotea ndani ya mw-. Bado tunaiona kivuli chake kwenye "kiwiliwili", ambamo shina limerudiwa mara mbili na w yake ipo pale pale. Kwa kawaida tukitaka kutengeneza kitenzi kutokana na jina la namna hii tunaacha kiambishi nyuma: kutoka Kiswahili tunapata swahilisha, si kiswahilisha. Kwa mwili haikuwezekana, kwa sababu kiambishi na shina vimeshikamana kiasi kwamba hakuna anayesikia tena viungo viwili. Basi waliolitunga wakalichukua neno zima, wakaliongezea -isha.

Ukitaka kumridhisha mzee, mpe sentensi zenye kitu kinachomwilishwa, asikie mwenyewe: "Tuimwilishe imani yetu." "Upendo tunaouhubiri tuumwilishe nyumbani." "Imani inayomwilishwa katika matendo." Hapo m haiwezi kuwa ya mtu, kwa sababu mahali pa mtendwa pameshachukuliwa na i au u. Neno linasimama. Na -isha hiyo haina ugeni wowote. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, benki zilitaifishwa na hakuna aliyesema "taifisha" si Kiswahili, na siku hizi kila mtu anaboresha na kubinafsisha. Kisha kutoka mwilisha ukaja umwilisho, kwa njia ile ile iliyoleta upendo kutoka penda, ufunuo kutoka funua, ufufuo kutoka fufua. Mzee aliyefundisha katekisimu amelitamka neno Ufunuo maisha yake yote. Umwilisho ni ndugu yake mdogo.

Kwa hiyo neno ni halali. Je, litumike kwenye wimbo wenu? Hapo ndipo mzee ana haki yake, na ni haki kubwa.

Tazama tulivyorithi jambo hili la Mwana wa Mungu kuwa mtu. Biblia ya Union Version, ile ya mwaka 1952 ambayo wengi wetu tumekua nayo, inasema katika Yohana 1:14: "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu." Sala ya Malaika wa Bwana inasema: "Neno la Mungu akatwaa mwili, akakaa kwetu." Na katika Kanuni ya Imani ya Nisea Wakatoliki tumezoea kukiri kwamba "akapata mwili kwa uwezo wa Roho Mtakatifu". Vitenzi vitatu kwa tendo moja: kufanyika, kutwaa, kupata. Katibu wako hakukosea kabisa. Amechukua kutoka Kanuni ya Imani.

Ila hebu msikilizeni mtu wa Mwanjelwa sokoni akisema "umepata mwili". Anamaanisha umenenepa, na mara nyingi anakusifu. Aliyeugua tunasema amekwisha mwili. Akipona tunasema mwili umeanza kurudi. Ndani ya Kanuni ya Imani, mkiwa mmesimama wote na maneno mengine yakiwa yamelizunguka, "akapata mwili" haliyumbi. Likitolewa peke yake likawekwa kwenye kiitikio cha wimbo wa furaha, watoto wa Kipaimara watageukiana. Na mkiwaza "alichukua mwili", msithubutu. Kuchukua mwili tunakujua: ni ndugu waliokaa nje ya chumba cha maiti tangu alfajiri, wamevaa makoti, wakisubiri waitwe na jeneza liko kwenye gari. Mwili kwa lugha ya kila siku ni mtu aliyekwisha kwenda. Tunaaga mwili, tunasafirisha mwili, mwili utawasili saa nane.

"Kutwaa" limeepuka yote hayo kwa sababu sokoni halitumiki sana. Limebaki na uzito wake wa zamani, na linaonyesha kwamba aliyetwaa alitaka mwenyewe.

Nako kwenye "alifanyika" kuna jambo ambalo nimelifundisha darasani kwa miaka mingi na bado linanigusa. Neno ni jina la ngeli ya LI-YA. Mwanafunzi akiandika "neno alisemwa" ninamkata alama. Inatakiwa "neno lilisemwa". Lakini fungua Yohana 1:1: "Hapo mwanzo kulikuwako Neno, naye Neno alikuwako kwa Mungu." Naye, alikuwako. Wafasiri wamempa Neno upatanisho wa mtu tangu mstari wa kwanza, mistari 13 kabla hajafanyika mwili. Anayesoma Kiswahili kwa makini anajua tayari, kwa sarufi tu, kwamba Neno huyu ni nafsi. Mzee wako anaposhikilia "Neno alifanyika mwili", hayo yote anayashikilia, hata kama hawezi kuyaeleza kwa majina ya kisarufi. Usimwone mkaidi.

Kuna jambo la ndani zaidi, nalo ndilo linalonifanya nilitetee neno umwilisho hata mbele ya wazee.

Kigiriki cha Yohana hakisemi mwili kwa maana ya umbo zima la mtu, ambalo ni soma. Kinasema sarx, nyama. Kilatini kikafuata: incarnatio limejengwa juu ya caro, nyama. Kwa nini basi hatusemi "Neno alifanyika nyama"? Kwa sababu nyama kwetu imetundikwa buchani. Wafasiri wetu walisitasita na neno hili, na ukisoma kwa jicho la kutafuta utawaona wakisitasita. Mwanzo 2:23 Adamu anasema "nyama katika nyama yangu", na mstari unaofuata mume na mke wanakuwa "mwili mmoja". Kwa Kiebrania ni neno lile lile mistari yote miwili. Katika Ezekieli Waisraeli wanaahidiwa kwamba moyo wa jiwe uliomo ndani ya "mwili" wao utatolewa, wapewe moyo wa "nyama"; hapo pia Kiebrania kina neno moja. Petro anaambiwa kwamba "mwili na damu" havikumfunulia, lakini Waefeso wanaambiwa kushindana kwetu si juu ya "damu na nyama". Siwalaumu. Walikuwa wanapima kila mstari kwa sikio la msomaji, na "moyo wa nyama" ni tafsiri ya ujasiri ambayo nisingeibadilisha hata herufi.

Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba neno letu moja mwili limebebeshwa mizigo miwili. Wagalatia wanaonywa juu ya "matendo ya mwili", yaani sarx, ule udhaifu wa mtu anayempa Mungu kisogo. Wakorintho wanaambiwa "mwili wenu ni hekalu la Roho Mtakatifu", na huo ni soma. Kigiriki kilikuwa na maneno mawili, sisi tunasikia moja. Nimekaa kwenye mahubiri mengi ya mikutano ya nje, Mbeya na Iringa, ambapo mhubiri anaanza na Wagalatia na kufika mahali ambapo mwili wenyewe, huu wenye magoti na matumbo na maziwa ya kunyonyesha, ndio adui. Mama aliyelima ngano tangu saa kumi na mbili asubuhi, mgongo unamuuma, anarudi nyumbani akiamini kwamba mgongo ule ni sehemu yake isiyo na thamani mbele za Mungu. Mimi jambo hilo linaniumiza.

Umwilisho unasema kinyume. Unasema mwili ule ule ndio Mungu alioutwaa. Ndiyo maana siku mbili kwa mwaka, tarehe 25 Machi ya Maria kupashwa habari ya kuja kwa Bwana na tarehe 25 Desemba ya kuzaliwa kwake, Wakatoliki hawainamishi vichwa tu wanapofika kwenye "akapata mwili" kama Jumapili nyingine. Wanapiga magoti. Nimemwona bibi mmoja kwenye kigango cha huku juu, wakati wa baridi hiyo ya asubuhi, akishika benchi kwa mkono wa kulia, akiteremsha goti la kushoto kwanza kwa sababu la kulia halikunji vizuri, akagusa sakafu ya saruji, akasema maneno yale, kisha akaanza kazi ya kunyanyuka. Wenzake walikuwa wameshafika "akasulubiwa". Kwa tendo lile alikuwa amelieleza fumbo kuliko ninavyoweza kulieleza hapa.

Sasa mwezeshaji wa lishe.

Mara nyingi ninapokutana na "kumwilisha sera", "kumwilisha mkakati", "kumwilisha dira", mwandishi angesema "kutekeleza" na asingepoteza chochote. Neno limetoka kanisani likaingia kwenye makabrasha kwa sababu linasikika zito. Ninawaomba wanaoandika ripoti waliache. Sera hutekelezwa, mkakati hufuatwa, bajeti hutumika. Jiulize swali moja tu: kuna mwili wa mtu hapa? Kama hakuna mikono, tumbo, jasho wala mifupa ya mtu yeyote kwenye jambo unalolisema, huna haja na neno hili.

Lakini kwa lishe, mwanangu, mwezeshaji wako huenda amesema kweli kuliko alivyokusudia. Unajua aibu yetu. Mikoa yetu ya nyanda za juu ndiyo inayolisha nchi mahindi, mchele, viazi, ndizi na maziwa. Na bado Iringa, Njombe na Rukwa zimo kwenye mikoa inayoongoza kwa udumavu wa watoto. Chakula kipo shambani, kipo kwenye malori yanayopita Makambako usiku kucha, kwenye mwili wa mtoto hakipo. Udumavu hupimwa kwa urefu wa mtoto ukilinganishwa na umri wake, na msingi wake unawekwa katika siku 1000 za mwanzo, tangu mimba hadi mtoto atimize miaka miwili. Mama akipata muda wa kumnyonyesha badala ya kuwahi shambani, akaongeza maharage, dagaa, yai na mboga kwenye chakula cha mtoto badala ya uji mtupu wa sembe asubuhi, mchana na jioni, maneno ya kwenye karatasi yanageuka mfupa. Hapo nakubali bila kinyongo kwamba sera imemwilishwa, na mahali pa kuihakiki ni kwenye ubao wa kupimia urefu pale kliniki. Kikao cha uzinduzi peke yake hakitoshi kuitwa hivyo.

Na tukitaka kumsifu mtu? Siku hizi nasoma kwenye risala: "Mheshimiwa ni umwilisho wa uadilifu." Hapana. Kiswahili kina njia yake ya kusema jambo hilo, fupi na yenye nguvu. Tunasema "yule mama ni huruma tupu", "babu yao alikuwa upole mtupu", "huyu ni ukweli wenyewe", au tunasema ni mfano hai. Hakuna aliyewahi kusikia "ni huruma tupu" akaomba ufafanuzi.

Turudi kwaya. Ushauri wangu ni huu. Beti zenu zitumie "Neno akatwaa mwili, akakaa kwetu", ambalo waumini wanalijua kwa moyo tangu kengele ya saa sita. Mstari wa mzee, "Neno alifanyika mwili", mpeni aanze nao yeye mwenyewe na besi yake, sauti moja bila kinanda, kabla sauti nyingine hazijaingia. "Fumbo la Umwilisho" litumieni mara moja, mwishoni, likishaelezwa na yote yaliyotangulia. Na kwenye nota uwe mwangalifu: mkazo wa neno uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, u-mwi-LI-sho. Noti ndefu iwe juu ya "li". Nimesikia kwaya moja ikiivuta "sho" hadi pumzi inaisha, na neno zuri likageuka kelele.

SWALI: Hujambo Mwalimu? Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Njombe. Kwa muda tulikuwa tunafanya vikao kwa simu. Nikaandika tangazo kwamba mwezi ujao "wanachama wote watakutana kimwili". Nilipolisoma mbele ya watu walicheka sana, na mama mmoja mtu mzima akaniambia nikalifute. Nimekosea sarufi? (Katibu, Njombe)

JIBU: Sijambo, mdogo wangu. Sarufi haina kosa. Ki- hiyo ni ya namna, kama kitoto au kiume, na kimwili ni "kwa namna ya mwili". Pole kwa kucheka kwao; najua inavyouma ukiwa umesimama na karatasi mkononi.

Shida ni kwamba lugha ya zahanati na mahakama ilihitaji neno la staha la tendo la ndoa, ikachukua "kukutana kimwili", na watu wamelizoea kwa maana hiyo moja. Ukiliweka kwenye tangazo la kikao, msikilizaji haendi kwingine. Si kwamba kimwili limeharibika kila mahali: "ukatili wa kimwili" ni sawa kabisa, na "uchovu wa kimwili na kiakili" pia. Ni pale linapokaa jirani na kukutana, kushiriki au mahusiano ndipo linageuka. "Mahudhurio ya kimwili" nayo naona yanaingia kwenye mialiko ya semina, na ningependa yaishie hapo yalipo.

Kwa jambo lako Kiswahili kina maneno mengi: ana kwa ana, uso kwa uso, kufika mwenyewe. Afya tunasema ya mwili, si lazima ya kimwili. Mazoezi ni ya viungo.

Na kwa kuwa msomaji mwingine, wa Mafinga, ameuliza kwa mstari mmoja kama kiwiliwili ni sawa na mwili, nimjibu hapa hapa: si sawa. Kiwiliwili ni sehemu ya kati tu, bila kichwa, mikono wala miguu. Mtu aliye hai usimwambie kiwiliwili chake kinapendeza.

Tangazo lako liandike hivi: "Kikao cha mwezi ujao kitakuwa cha ana kwa ana. Kila mwanachama afike mwenyewe, asitume mtu." Kisha mpe yule mama mtu mzima alisome yeye mbele ya wanachama.